Siku Tulizopiga Dari la Msikiti

Wajukuu zangu wakifika pale msikitini husimama kushangaa mnara. Mnara! Mnara umekuja juzi tu, Mwingereza keshafunga virago, na mtu anauona tangu yuko ndani ya basi, hana haja hata ya kushuka. Mie huwashika vichwa nikawageuzia mlangoni. Hebu chungulieni ndani, nyie, tazameni juu. Kabla hamjafika kwenye ule upanuzi wenye marumaru na mapangaboi, mnaziona zile boriti nyeusi zilivyojipanga, na weupe katikati yake? Juu ya boriti zile kuna dari la chokaa nene, shubiri mbili kamili, na dari lile tumelipiga sie wanawake, kwa mikono hii. Wananitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa. "Bibi, dari linapigwaje?" Haya, kaeni.

Nilikuwa na miaka kama kumi na sita, nimeshaposwa, bado sijaolewa. Msikiti wa kwanza wa mtaa wetu ulikuwa wa fito na udongo, umeezekwa makuti, wakiingia watu arobaini umejaa. Temeke ya siku zile ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba moja hapa, nyingine kule, na njia ya mchanga inayotokea Barabara ya Kilwa. Lakini watu walikuwa wanakuja. Walikuja Wamatumbi na Wangindo na Wamwera kutoka kusini, walikuja watu wa Rufiji, wakapanga vyumba ili waende kupakua meli gatini mjini. Ijumaa, saa tano tu msikiti umejaa. Waliochelewa wanatandika mikeka nje, wanaswali juani, jasho linawatiririka mpaka kwenye sijda. Mvua ikinyesha walio nje wanalowa na walio ndani wanalowa, maana makuti yenyewe yalikuwa yamechoka. Ndipo wazee wakakaa kitako wakasema basi, tujenge msikiti wa mawe, mkubwa, wa kisasa, hata wa mjini wausikie.

Na wallahi waliujenga. Ramani ilichorwa na Mhindi mmoja wa mjini kwenye karatasi ya buluu, na mwenyekiti wa kamati aliikunja na kuikunjua kuwaonyesha watu mpaka ikachanika mikunjo. Sie wa huku tulikuwa hatujawahi kuona nyumba inayoanzia kwenye karatasi. Nguzo kumi na mbili za saruji, nondo ndani yake. Saruji yenyewe ilikuja na meli, kule Wazo penye kiwanda leo wakati huo ni pori tu. Kuta za mawe ya matumbawe, ukilaza mkono mzima dirishani haufiki upande wa pili. Madirisha marefu yenye matao, saba kila upande, yamepangwa hivi kwamba upepo unaoingia huku unatokea kule, na aliye katikati hapati shida ya joto hata mwezi wa pili. Maji ya kutawadha ya bomba, unafungua tu. Mlango alichonga Mmakonde mmoja, Mkristo, aliyekuwa akiishi nyuma ya nyumba yetu. Wakamwambia asichonge kiumbe chochote, maua tu na mafundo. Akachonga maua miezi minne, na kila jioni anakuja kumwuliza baba yangu kama kweli haiwezekani hata mjusi mmoja mdogo, pembeni, chini kabisa. Baba alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mlango ule ukiugusa leo, vidole havitaki kuondoka.

Sasa, ramani ilitaka paa la mabati. Ikaja ile vita kuu ya pili, mabati yote yakawa ya jeshi. Ukienda mjini kuomba kibali unaambiwa njoo mwezi ujao, ukienda mwezi ujao unaambiwa njoo vita vikiisha. Kuta zimesimama, nguzo zimesimama, mihimili ya zege imeunganisha nguzo kwa nguzo, juu mbingu tupu. Mwaka mzima. Majani yaliota mahali pa imamu kusimama. Mbuzi wa jirani alizalia ndani ya mihrabu, astaghfirullah, na mwenye mbuzi wala hakuona haya, akawa anatamba kwamba mtoto yule amezaliwa na baraka.

Baba yangu alikuwa mwashi. Alitoka Kilwa akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa chokaa na mawe, kazi ya baba yake na babu yake. Chokaa hiyo ya kwetu, ya kuchoma matumbawe kwenye magogo mpaka yanakuwa meupe kama unga, kisha unayazima kwa maji, unayafukia, unayasahau miezi. Vidole vyake vilikuwa vimeliwa na chokaa, kucha nyeupe mwaka mzima; akitupapasa shavuni utadhani umepitiwa na msasa. Mtu mpole, baba. Mpole kupita kiasi, na hilo ndilo lililotutia matatani, mtaona.

Alikwenda kwenye kamati akasema, "Mnangoja mabati ya nini? Mie nawapigia dari la chokaa, kama tulivyokuwa tukipiga Kilwa. Likishikana, wajukuu wa wajukuu zenu wataswali chini yake." Mwenyekiti, mtu mwenye duka kule Mtoni, hakupenda. Yeye alitaka kisasa, na kisasa kwake kilikuwa kitu kinachong'aa juani. Akasema mambo ya dari la mawe ni ya kale, kwanza yanavuja. Wazee wengine wakasema kale au si kale, sie tunaunguzwa na jua. Wakamkubalia baba shingo upande.

Kulipiga dari ni hivi. Unapanga boriti za mikoko karibu karibu juu ya mihimili, juu yake unapanga vipande vya mawe, juu ya mawe unamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto na udongo mwekundu. Halafu ndipo kazi inaanza. Wanapanda watu hamsini, sitini, kila mmoja na gongo fupi la mti, bapa upande mmoja, tukiliita kipande. Wanakaa safu, wanapiga. Wanapiga siku tatu mfululizo, wanapokezana, kusudi chokaa isikauke kabla haijashindiliwa. Hewa inatoka, maji yanapanda juu, chokaa inashikana inakuwa jiwe moja toka ukuta hadi ukuta. Na kazi hii kwetu ni ya wanawake, na huifanya kwa wimbo. Kuna mwimbishaji anatoa, wengine wanaitikia, na vipande vinashuka kwenye kiitikio. Mikono sitini, pigo moja.

Mwimbishaji alikuwa mama yangu. Loo, mama! Mwanamke mfupi, mweusi tii, sauti yake ukiisikia unamtafuta mtu mrefu. Nyimbo zenyewe zilikuwa za kutaniana: fundi ana mke mmoja macho yako kwa jirani, mama mkwe kaficha nyama chini ya kitanda, vitu vya hivyo. Hakuna aliyesalimika. Siku ya kwanza tumepanda ngazi, tumejipanga, kanga zimefungwa viunoni, mama kakohoa kusafisha koo, katoa ubeti wa kwanza, na sie tumeitikia, pu! Pigo la kwanza likatikisa ukuta.

Hatukufika ubeti wa tatu. Imamu alitokea chini, kanzu kaishika kwa mkono, amekasirika. Alikuwa mtu mwema, nisije nikamsingizia; aliyenifundisha mie kusoma Kurani ni yeye, na hajawahi kunichapa. Lakini alikuwa mkali kwenye mambo ya dini. Akamwambia baba, mbele ya watu wote, kwamba hii ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, si uwanja wa ngoma. Jiwe la kwanza limewekwa kwa dua. Dari halitawekwa kwa vijembe. Wanawake wapige kimya, wakimtaja Mungu moyoni.

Na baba, badala ya kusema, akainamisha kichwa. "Sawa, shehe."

Basi tukapiga kimya. Nyie, mmeshawahi kutwanga kinu kimoja watu watatu bila kusikilizana? Michi inagongana. Sasa fanyeni watu sitini. Huyu anapiga haraka amalize, yule anapiga kama anabembeleza mtoto. Wa kule pembeni wameanza kunong'ona habari zao, mikono imelala. Kina mama wazee wamechoka saa nne tu, maana wimbo ndio unaobeba mkono, mkono peke yake ni mzito. Nilimwona mama amekaa na kipande chake mapajani, anasikiliza, kauma mdomo. Chini baba alikuwa anazunguka kutoka nguzo hadi nguzo, kichwa kakiinua juu. Alikuwa anasikia. Mtu aliyekulia chini ya kazi ile anasikia kama daktari anavyosikia kifua. Alijua siku ileile ya kwanza, na hakusema kitu. Tukapiga siku tatu, tukateremka, mikono imetuvimba na hakuna hata mmoja aliyefurahi.

Wiki mbili baadaye likaja jaribio la maji. Unaziba njia za kutolea maji, unamwaga madebe kwa madebe mpaka dari linakuwa bwawa, unangoja. Kamati yote ilikaa chini, imamu yuko, mwenyekiti yuko. Maji, badala ya kutulia sawasawa, yalikusanyika kwenye mabonde. Tulisubiri. Adhuhuri ikaingia. Watu wameanza kutabasamu, mwenyekiti mwenyewe kaanza kusema labda, labda. Halafu likadondoka tone. Moja. Likaangukia hatua mbili kutoka kwenye mihrabu, tuliokuwa mlangoni tukaona jinsi lilivyotoboa vumbi. Likaja la pili.

Mwenyekiti hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Fundi, tungoje mabati." Akaanza kukunja ile ramani yake iliyochanika.

Hapo ndipo nikamwona baba nisiyemjua. Aliuchomoa ule mwiko wake wa kazi kiunoni, mwiko wa mpini wa mpera aliopewa na baba yake, akauweka chini katikati ya msikiti, hapohapo palipodondokea tone. Akasema, "Nipeni nafasi moja zaidi. Nalikwangua, nalimwaga upya, kwa chokaa yangu mwenyewe ile ya nyumbani. Mvua ya kwanza itakayonyesha, likivuja tone moja tu, mwiko huu nauzika na sitashika mwingine mpaka nakufa. Mtu atakayeniita fundi baada ya hapo atakuwa ananitukana." Imamu alikuwa anautazama mwiko. Baba hakuwa na kazi nyingine duniani, hakujua kulima, hakujua kuuza, na kuacha uashi kwake kulikuwa sawa na kumwambia akae kitandani angoje siku yake. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimwonea fahari, sijui mtu anawezaje kuhisi yote mawili.

Wakampa nafasi. Lakini nyumbani, weee! Mama hakungoja hata avue viatu.

"Ulisikia tulivyokuwa tunapiga?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Ningemwambia nini imamu? Nimwambie mke wangu anataka kuimba?"

"Ungemwambia dari linataka kuimbiwa! Sasa umeuweka mwiko wako juu ya mikono yetu, na mikono yetu mmeifunga. Unataka tukuzike nao?"

Baba akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti ndogo, "Yule ni shehe wangu. Siwezi kumbishia." Na kweli hakuweza. Angekufa kwanza. Walikuwaga hivyo watu wale, heshima imewaingia mpaka kwenye mifupa, na mie nawaambia ukweli, siku ile niliichukia heshima ile.

Asubuhi mama akajitia kanga mpya akaniambia twende. Tulikwenda kwa imamu. Si kwa imamu mwenyewe, hapana, mwanamke gani angekwenda kubishana na imamu? Tulikwenda kumtembelea mkewe. Tukakaa uani, tukaletewa kahawa, tukaulizana hali na watoto na kuku. Imamu alikuwa ndani, dirisha lake linafungukia uani, na sote tulijua yuko, na yeye alijua tunajua. Mama akapandisha sauti kidogo.

"Shoga yangu, nina jambo, ungenisaidia kumfikishia shehe akipata nafasi."

"Lipi tena hilo, shoga?"

"Mwambie, shehe anaposomesha maulidi wanafunzi wake, kila mmoja huitikia wakati anaotaka yeye?"

Mke wa imamu akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Dirishani ikatoka sauti, imetulia, haikuelekezwa kwa yeyote: "Mama watoto, mwambie mgeni wako kwamba wanaitikia pamoja."

"Mwambie shehe," mama akasema, "wakiitikia ovyo, maulidi yanakuwaje?"

"Mwambie yanaharibika."

"Basi mwambie dari limeharibika kwa sababu hiyohiyo. Si kwamba sie tunapenda kucheza juu ya nyumba ya Mungu. Mkono hausikii moyoni, mkono unasikia masikioni. Na mwambie mume wangu analijua hili kuliko mie, ila anamheshimu mno kumwambia."

Kahawa ilipoa. Niliogopa, nikaanza kumvuta mama kanga. Mwisho sauti ikasema, polepole sana, "Mama watoto, mwulize mgeni wako: wakimswalia Mtume kwa sauti, mikono itasikia?"

Mama aliangalia kikombe chake. "Mwambie itasikia," akasema, na nilimwona anameza machozi.

Siku ya kupiga tena tukapanda. Imamu alikuwa chini amesimama na fimbo yake. Mama akatoa kasida, moja ya zile za polepole, tamu, za kusomwa watu wamekaa. Tukaitikia, tukapiga. Loo, aibu! Ilikuwa taratibu mno, kati ya pigo na pigo unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Chokaa ikaanza kupauka juani, baba chini anapiga mapaja kwa wasiwasi. Mama akaikaza kidogo. Akaikaza tena. Wanawake wakaanza kutazamana, maana sasa kasida ilikuwa inatembea mwendo ambao haijawahi kutembea tangu itungwe, na kila mtu alikuwa anangoja fimbo ya imamu igonge ukuta.

Fimbo iligonga kweli. Iligonga chini, kwenye mchanga, kwa mwendo wetu. Nilichungulia ukingoni nikamwona mguu wake nao unagonga. Halafu sauti ya mama ilipoanza kukwama jua lilipopanda, imamu akainua kichwa akapokea ubeti yeye mwenyewe. Sauti ya mtu anayeadhini mara tano kila siku, nyie! Ilipanda pale juu ikatubeba sote. Yeye anatoa, sie tunamswalia Mtume, vipande vinashuka, pu! Watu wakatoka majumbani. Yule Mmakonde wa mlango akaja kusimama njiani na patasi yake, makuli waliokuwa wanatoka zamu wakasimama, wakaitikia nao kutoka barabarani. Siku tatu hivyo, imamu na mama wakipokezana kama watu wawili wanaochota kisima kimoja. Dari likaanza kutoa sauti nyingine chini ya mikono yetu. Mwanzoni ilikuwa pu, siku ya tatu ikawa ti, ti, kama jiwe. Baba alipanda, akapiga magoti, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatutazama. Akatupungia mkono tu, tuteremke, imetosha.

Baada ya hapo dari hufunikwa majani na kumwagiwa maji asubuhi na jioni, lisikauke kwa haraka likapasuka. Kazi hiyo baba hakumwachia mtu. Akapanda kila siku na madebe, analoa, anapigwa na upepo, anaambiwa apumzike anasema kesho. Majani yalipoondolewa na mikeka ikatandikwa chini, watu wakaanza kuswali ndani, naye keshaanguka. Mganga wa zahanati akasema kichomi. Alikuwa akipumua unasikia toka barazani.

Vuli ikaingia Ijumaa. Haikuanza kwa manyunyu kama ilivyo kawaida yake, ilianguka yote kwa pamoja, wakati watu wamo msikitini. Baba kitandani alifumbua macho. Mvua ilikuwa inapiga makuti ya nyumba yetu, na matone yanaingia pale na pale, mama ameshatega sufuria mbili. Baba alizitazama sufuria zile, sikuweza kumwangalia usoni.

Swala ilipokwisha wakaja watu watatu wa kamati wameloa, mwenyekiti mbele. Akasema, "Fundi, hongera. Halijavuja hata tone." Wengine wakaitikia kweli, kweli, wallahi. Baba akawashukuru vizuri sana. Walipoondoka akageuka ukutani.

"Wamekuja kumfariji mgonjwa," akasema. "Mgonjwa haambiwi ukweli." Akapumua kwanza. "Nenda kaangalie wewe."

Mama akasema, "Mie? Nitaingiaje msikitini mie?"

"Umekaa juu yake siku sita. Utashindwa kusimama chini yake? Wewe hujui kunifariji, tangu nikuoe. Nenda."

Mama akacheka kidogo, akajitupia kanga kichwani, akatoka. Nikamfuata. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba tulikuwa tunatafuta njia kwa miguu. Imamu alikuwa amekaa mlangoni ndani, tasbihi mkononi, watu wachache wamebaki nyuma yake wanangoja mvua ipungue. Mama akasimama nje, maji yanamchuruzika.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba."

Safari hii hapakuwa na mke wa kusema kupitia kwake. Mama akasita, kisha akasema moja kwa moja, "Nimetumwa na mgonjwa."

Imamu alimtazama. Akaelewa, maana alisimama palepale, akaanza kuikunja mikeka kwa mikono yake mwenyewe, safu kwa safu, mpaka sakafu ikabaki tupu toka mlangoni hadi mihrabuni. "Pita, mama. Na binti apite. Angalia kila mahali."

Mama akaikamua kanga yake kwanza, akajipangusa miguu, akaingia. Tangu mikeka ilipotandikwa hatukuwa tumeingia. Sijui niwaambieje. Nguzo kumi na mbili, nyeupe, zinakwenda mbele yako bila haraka. Matao ya madirisha yana mwanga wa kijivu wa mvua, na hakuna joto wala vumbi wala kelele. Kwetu mvua ilikuwa inapiga masikioni. Hapa ilikuwa juu, mbali, unaisikia kama shughuli ya watu wengine. Na zile boriti, moja baada ya moja baada ya moja, zimetulia. Nikajisemea moyoni: sie? Sie ndio tuliofanya hivi?

Mama hakutazama uzuri. Aliinama akaanza kupapasa sakafu kwa kiganja, kutoka kona ya mlango, chini ya kila mhimili, kwenye kila nguzo inapokutana na sakafu. Anapapasa, anatazama kiganja, anasogea. Wanaume wakamwangalia. Pale hatua mbili kutoka mihrabuni alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili, akangoja muda mrefu, uso ameuinua juu. Kisha akainuka, akamwambia imamu, "Ahsante, shehe," tukatoka tena mvuani.

Baba alikuwa ameshajiinua kwa kiwiko, macho mlangoni. Mama akaingia, akasimama katikati ya chumba. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kanga yake, kwenye viwiko, kwenye ncha za vidole, yanaangukia sakafuni kwetu, na baba akayatazama matone yale.

"Sema basi," akasema.

"Aliyelowa ni mie, baba watoto," mama akasema. "Msikiti wako mkavu."